Jina Chini ya Rangi

Gereji, 4 Februari

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Huku hatujambo, ila Baba goti linamsumbua na hataki mtu amwambie hivyo. Najua utashangaa kupata barua yangu wakati hata salamu za mwaka mpya sikukutumia. Nisamehe, nami niingie kwenye shida yangu moja kwa moja, maana wewe humpendi mtu anayezungukazunguka.

Unalijua lile gari jeusi la Baba, alilopewa na mhandisi wa Kichina siku walipomaliza mtambo wa maji na kufungasha virago. Tangu nizaliwe liko uani kwetu chini ya turubai, na tangu nizaliwe watu wanamcheka kwa ajili yake. Baba husema ni gari la Kichina. Watu husema Wachina wa wakati ule walipanda baiskeli, na kwamba Baba aliokota gari bovu la Kijerumani, akalivalisha uso wa gari jingine, kisha akapiga chuku. Ndiyo maana mtaa mzima unamwita Mchina, na mimi, fundi rangi wa kike peke yangu hapa, ni Mtoto wa Mchina. Baba hucheka pamoja nao. Lakini mimi ndiye ninayekula naye jioni, na naona anavyokaa kimya akishamaliza kucheka.

Mwezi wa tano Chama cha Magari ya Zamani kina maonyesho. Nimelifufua gari, Shangazi. Linawaka, linatembea, na likiambiwa lisimame linasimama. Nataka Baba aliendeshe mbele za watu wakati goti lake bado linakubali kukanyaga klachi. Kikwazo ni kanuni yao: kila gari liingie kwa jina lake la kweli, na magari ya kuungaunga hayapokelewi. Sisi jina hatuna. Mhandisi alimtajia Baba mara moja tu wakati wa kuagana, na anasema lilimtoka kabla vumbi la lori lao halijatua.

Wewe ulikuwa mkalimani wa Wachina ujana wako wote. Nimetia picha humu ndani, za mbele, nyuma na ubavuni. Tazama tu, uniambie huyu ni nani.

Binti wa kaka yako


Nyumbani, 15 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Picha zako nakurudishia. Picha sizitaki. Mwenye kupiga picha huchagua cha kukuonyesha, na wewe hata hujui cha kuchagua. Nieleze kwa maneno. Weka kiganja chako juu ya gari hilo kama unavyokiweka juu ya gari la mteja kabla hujalipaka, kisha uniandikie kiganja kimekuta nini.

Mimi nilifanya kazi kwenye ofisi za mjini, kwenye mtambo wa maji sikuwahi kufika, kwa hiyo gari hilo sijapata kulitia machoni. Na kaka yangu hakuniuliza hata siku moja. Aliona kuniuliza ni kukiri kwamba neno lake peke yake halitoshi. Ni mbishi kama marehemu baba yetu, na wewe ukiangalia vizuri utajiona mwenyewe humo.

Sasa sikiliza. Magari ya Kichina ya zamani hayakupewa majina ya kitoto. Lipo liitwalo Hongqi, maana yake Bendera Nyekundu. Hilo ni refu, la wakubwa wa nchi, na juu ya boneti lina bendera nyekundu ya kweli, nyembamba, imesimama. Lipo Dongfeng, Upepo wa Mashariki. Yalitengenezwa machache mno, na boneti yake ina joka la dhahabu. Lipo Jinggangshan, jina la mlima. Lipo Fenghuang, ndege wa hadithi zao mwenye mkia kama wa tausi, naye hukaa juu ya boneti. Kila moja nililisikia likitajwa na madereva na wahandisi waliokaa wakisubiri mikutano iishe, maana mkalimani ndiye wa kwanza kufika na wa mwisho kuondoka.

Kwa hiyo nijibu. Juu ya boneti kuna kitu? Kama hakuna, kiganja kinasikia nini pale ambapo kingekuwa? Nyuma likoje? Ndani ya milango, upande usioonekana, bati ni laini au lina mawimbi?

Na usinipigie simu. Mambo ya majina huandikwa.

Shangazi yako


Gereji, 24 Februari

Shangazi,

Haya, umeshinda, ingawa sijapata kuona mtu anayetambua magari kwa kuyafumbia macho. Na wewe unayenifundisha kazi, taipureta yako inahitaji fundi. Mistari miwili ya barua yako imepandana kama vipofu sokoni, ikabidi niisome kwenye mwanga wa dirisha.

Boneti haina bendera wala joka wala ndege. Kiganja hakikuta kitu kabisa, ni laini mwanzo hadi mwisho. Nikamuuliza Baba kwa mzunguko. Akasema alipolipata, nembo zilikuwa zimeshang'olewa, yamebaki matundu, naye akayaziba yote kwa puti kabla ya kupaka. Kwa fahari kabisa aliniambia, "Gari haliingii kwenye rangi na matundu kama chujio." Ndivyo alivyonifundisha hata mimi.

Injini si yake. Ya kwanza ilipasuka, Baba akaweka ya pikapu, na kibati cha maandishi kilichokuwa ukutani kwa injini kilikatwa na mchomeleaji siku hiyohiyo. Gari lenyewe si refu. Nyuma limeinama taratibu na kuviringika mabegani, na hapo kila anayejua magari husema ni Mjerumani mtupu. Mbele halifanani na kitu ninachokijua. Lina uso mpana, na sega la chuma lenye meno yaliyolala.

Milango ndiyo inayonitia aibu. Wa nyuma kulia ni mpana kuliko wa nyuma kushoto, kwa unene wa kidole. Nimepima tena na tena nikidhani mkono wangu umelewa. Na ndani, upande usioonekana, bati lina mawimbi madogomadogo, yamejipanga kama magamba ya samaki. Nimeyapapasa kwa muda mrefu. Sijui maana yake, na sikumwambia Baba.

Binti wa kaka yako, mbishi


Chama cha Magari ya Zamani
Ofisi ya Katibu
2 Machi

Kwa Fundi Rangi,

Yahusu: Ombi la kushiriki maonyesho

Asante kwa ombi lako na kwa kutukaribisha kuliona gari. Kazi yako ya rangi na chuma ni safi na kamati imenituma nikwambie hivyo.

Hata hivyo, kamati imeshindwa kulipokea gari kama gari la Kichina. Sehemu ya nyuma ni ya umbo la Kijerumani. Sehemu ya mbele hatukuweza kuitambua. Milango ya nyuma haina kipimo kimoja, jambo linaloonyesha kwamba imetoka kwenye magari mawili. Gari halina nembo, kibati wala injini yake ya asili. Kwa maelezo hayo tunalihesabu kuwa gari la kuungwa.

Mimi binafsi ningefurahi kukosea. Ukipata ushahidi kabla ya mwisho wa Aprili, niandikie, nitakuja mwenyewe.

Wako katika kazi,
Katibu


Nyumbani, 9 Machi

Mwanangu,

Kaa kitako kwanza.

Hayo magamba ya samaki ni alama za nyundo. Hiyo milango inayokutia aibu ndiyo iliyonifanya nicheke peke yangu mpaka jirani akaja kuuliza kulikoni. Miaka ile ya mwanzo baadhi ya viwanda vyao havikuwa na mashine za kukandamiza bati. Bodi ilipigwa kwa nyundo juu ya kibao cha mti, na watu, mlango mmoja baada ya mwingine. Nilikuwa nawasikia madereva wakilalamika kwamba mlango wa akiba ukiletwa hauingii mpaka unyooshwe upya, kwa sababu kila gari lilizaliwa na vipimo vyake. Gari lililounganishwa kutoka magari mawili ya Kijerumani lingekuwa na bati laini pande zote mbili. La kwenu lina nyundo kushoto na nyundo kulia. Umenielewa? Na nyuma kufanana na Mjerumani si ajabu. Waliochora gari moja la huko walilifungua gari la Kijerumani, wakalisoma, kisha wakatengeneza la kwao.

Bendera si hilo, ni fupi mno. Joka si hilo. Nina jina moja moyoni, tena mawili, kwa sababu gari ninalolifikiria lilianza kwa kuitwa Fenghuang na baadaye likabadilishwa jina. Sitalitamka. Nikilitamka kwa kubahatisha na likawa silo, watamcheka kaka yangu mara ya pili, na safari hii mimi ndiye nitakuwa nimewapa sababu.

Unatakiwa ufike chini ya rangi. Najua ninachokuomba. Baba yako aliziba matundu, lakini muulize kama aliikwangua rangi ya kiwandani au aliipitia juu kwa msasa tu.

Usimwambie kwamba nimo. Akijua ataanza kuniuliza habari za afya, nami sina nafasi ya habari za afya.

Shangazi yako


Gereji, 18 Machi

Shangazi,

Barua ya Katibu nimekunakilia ukurasa wa pili, uone tulivyokataliwa. Ilifika kabla ya yako, na kwa siku kadhaa sikuthubutu kuinua turubai. Yako ilipofika niliisoma nimesimama, nikaisoma tena nimekaa.

Kisha nikaenda kwa Baba. Ile rangi nyeusi wewe huijui. Aliipuliza koti kwa koti, tabaka juu ya tabaka, akaisugua, akapuliza tena, mpaka leo unaweza kunyolea ndevu mbele yake. Wanafunzi wake wote alikuwa akiwaleta kuiona. Ni kazi bora kuliko zote alizofanya maishani, na mimi nilikuwa naenda kumwomba ruhusa ya kuichubua. Nilipiga moyo konde, nikamweleza kila kitu, magamba na milango na Katibu, nikaficha jina lako tu.

Alipapasa boneti kwa kiganja. Nikasema, "Baba, kama hutaki basi, yaishe."

Akaniuliza, "Huko chini rangi ya kiwandani ipo?"

"Wewe ndiye unayejua."

"Ipo. Ilikuwa imeshika vizuri, nikaipitia msasa mwepesi tu." Akapapasa tena. "Kwa hiyo jina lake mimi mwenyewe ndiye niliyelifunika."

Nikamwambia alifanya kama fundi yeyote mzuri angefanya. Alikwenda kujaza ndoo maji, akarudi na msasa mkononi, akaniambia nisogee. "Niliyepaka ni mimi, nibandue mimi." Akapiga goti, lile bovu, kando ya boneti, akaanza kusugua kwa maji, duara dogodogo. Nyeusi ikaondoka. Praima, ile rangi ya msingi, ikaondoka. Ikatokea rangi ya kijivu, ya zamani, imepauka kwa jua.

Na katikati ya kijivu kilichopauka kukawa na kijivu kilichoiva, Shangazi, mahali ambapo nembo ilikaa ikazuia jua miaka yote ile. Mistari, mikunjo, vitone. Maumbo mawili, moja karibu na jingine. Hayo si maandishi ya Kijerumani. Baba aliacha msasa uanguke ndani ya ndoo. Mimi nililia, sioni haya kukwambia.

Nimeweka karatasi nyembamba juu yake nikayafuata kwa penseli. Hiyo hapa. Wewe soma tu, Shangazi, neno moja tu, nami nimkimbilie Katibu.

Binti wa kaka yako


Nyumbani, 27 Machi

Mwanangu,

Karatasi yako imefika imekunjamana na penseli imefutika. Haisomeki. Mtu mwenye kazi safi kama yako angetuma kitu kinachosomeka. Labda mngetafuta mtu mwingine aliye karibu zaidi. Siku hizi kuna vijana wengi waliosoma huko, wana vyeti, mimi ni mtu wa zamani na mambo mengi yamenitoka.

Msalimie baba yako kwa namna ambayo hatajua nimemsalimia.

Shangazi yako

(Mpendwa, naongeza haya kwa mkono wangu kwa kuwa mimi ndiye ninayezitia barua zake kwenye bahasha. Mimi ni nesi, jirani yake. Karatasi yako ilifika imenyooka na mistari ilionekana vizuri. Yeye ndiye asiyeona. Macho yalianza kufifia zamani kidogo na sasa anatofautisha mchana na giza tu. Barua zako namsomea mimi, mara mbili mbili, na zake anazipiga kwa vidole vilivyozoea taipureta. Nilijaribu kumweleza yale maumbo kwa maneno lakini mimi maandishi hayo siyajui, nikamchanganya, naye akanikemea kisha akaingia chumbani kwake. Kila siku anauliza kama umeandika. Nimeona ujue. Nesi.)


Gereji, 2 Aprili

Shangazi yangu,

Nimejua. Usimkasirikie Nesi, na kama umeshamkasirikia, muombe radhi, maana mtu anayekusomea kejeli zangu mara mbili mbili ana moyo mkubwa. Na ule mzaha wangu wa vipofu sokoni nimeumeza tena, na umenikwama.

Sitatafuta kijana mwenye cheti. Nimemtafuta shangazi yangu.

Uliniambia niweke kiganja nikuandikie kimekuta nini, na mimi mjinga nikadhani ni ukaidi wako. Sasa na wewe weka vidole. Kifurushi hiki kina kibao. Nimehamisha yale maumbo juu yake kwa ukubwa uleule, kisha kila mstari nikauinua kwa puti, nikausugua kwa msasa laini usije ukakuchoma. Palipo panene kwenye boneti ni panene kwenye kibao, na palipochongoka pamechongoka. Ndiyo kazi pekee duniani ninayoijua vizuri.

Herufi ya pili ilinishinda mikunjo, Baba akanisaidia. Aliniuliza ni ya nini. Nikamwambia kuna mtu anayesoma kwa vidole. Akainama akaendelea kuisugua kwa uangalifu kama anafuta uso wa mtoto, wala hakuniuliza mtu huyo ni nani. Nadhani amejua.

Binti wa kaka yako


Nyumbani, 11 Aprili

Mwanangu, mwanangu,

Nesi ameniambia nipumue kwanza ndipo nipige taipureta. Nimepumua. Imetosha.

Nilikiweka kibao chako mapajani, nikaacha mikono ikae juu yake kidogo kwa sababu niliogopa. Niliogopa kwamba vidole navyo vimesahau. Kisha nikaanza. Msumari uliosimama. Tawi fupi kulia kwake. Chini, mstari mrefu uliolala. Kabla sijafika mwisho wa mstari huo nilikuwa nimeshajua, maana maandishi haya nilifundishwa kwa kuyaandika kiganjani kwa kidole, kwenye benchi, darasani, kwenye foleni ya chakula, na mkono haukusahau chochote. Hiyo ni "juu".

Ya pili imeandikwa kwa haraka, kama watu wa huko wanavyoandika wakitaka kupendeza, ndiyo maana iliwatoa jasho. Lakini upande wa kushoto nilikuta matone matatu. Matone hayo ni ya maji, kila anayejifunza huanza nayo. Kulia nikaufuata mkunjo, nikaupoteza, nikarudi, nikaupata. Ni "bahari".

Juu, bahari. Kwa lugha yao ukisoma pamoja ni Shanghai. Ndilo jina la gari la baba yako, na ndilo jina la mji lilikopigwa nyundo. Ndilo nililokuwa nalo moyoni nikaogopa kulitamka. Lilipozaliwa liliitwa Fenghuang, yule ndege, baadaye wakalipa jina la mji wao, na la kwenu ni la miaka ya mwanzo ya jina hilo, wakati nyundo bado zinafanya kazi. Mwambie Katibu atafute Shanghai SH760. Mwambie ana macho mazuri, mambo yote aliyoyaona yapo, na kila moja lina maelezo yake. Mwambie pia aingize mkono ndani ya milango yote minne asikie magamba, na mweleze habari ya mlango wa akiba usioingia. Kama haamini, anialike. Nitakuja na kibao changu.

Nilimpigia Nesi kelele ndani ya nyumba yake mwenyewe. Tumecheza katikati ya sebule, mimi na yeye, tukaangusha kiti. Ni muda mrefu sijajiona wa maana kwa mtu yeyote, na leo nimejiona.

Mwambie kaka yangu kwamba alisema kweli. Mwambie nimesema mimi.

Shangazi yako, Mkalimani


Chama cha Magari ya Zamani
Ofisi ya Katibu
22 Aprili

Kwa Fundi Rangi,

Yahusu: Gari aina ya Shanghai SH760

Kama nilivyoahidi, nilikuja mwenyewe, nami nakushukuru kwa chai. Nilikuja na picha ya gari la aina hiyo kutoka kwa mwanachama mwenzetu anayekusanya vitabu vya magari. Umeona mwenyewe tulivyoiweka kando ya boneti. Maandishi ni yaleyale, yamekaa palepale. Uso wa gari ni uleule. Nimeingiza mkono ndani ya milango yote minne kama nilivyoagizwa na shangazi yako, na nimekubali kwamba tofauti ya vipimo, iliyotufanya tulikatae gari, ndiyo sababu mojawapo ya kulipokea.

Kamati imekaa na imekubali kwa sauti moja. Gari litaongoza msafara. Halijawahi kuingia la namna hiyo kwenye maonyesho yetu.

Tuna ombi moja. Tafadhali usiipake rangi upya ile sehemu ya boneti iliyochubuliwa. Tungependa watu walione jina lilivyopatikana.

Nilisema ningefurahi kukosea. Nimefurahi.

Katibu


Gereji, 6 Mei

Dada,

Shikamoo. Mimi si mtu wa barua, unajua, lakini binti yangu ameniwekea kalamu mbele na kuondoka na funguo za gari, kwa hiyo sina pa kwenda.

Habari za macho yako ninazo. Nilizijua tangu siku ya kibao, maana ni nani mwingine katika ukoo wetu angesumbua watu hivyo badala ya kuomba msaada? Sitakuuliza habari za afya. Nimeelezwa hupendi.

Nikusimulie jana. Tulitangulia sisi. Nyuma yetu magari yanang'aa mpaka mwisho wa barabara, mimi mbele na boneti yenye kidonda. Nilikuwa nimekataa. Nilimwambia binti kwamba siwezi kuendesha rangi iliyochubuka mbele ya mafundi wote wa mji huu, wengine wao niliwafundisha mimi. Akaniambia, "Baba, hapo ndipo watakapotazama." Na kweli hapo ndipo walipotazama. Goti lilikanyaga klachi njia nzima bila kulalamika.

Tulipofika uwanjani Katibu alishika kipaza sauti akataja jina. Shanghai. Alilitaja taratibu, kisha akasema limeletwa na mwenyewe, aliyepewa na mhandisi wa Kichina baada ya mtambo wa maji, na ambaye miaka yote amekuwa akisema hivyohivyo. Dada, jina lile nililisikia mara moja nikiwa kijana, likanitoka, na lilipotamkwa jana nililitambua palepale. Ndilo alilonitajia yule mhandisi. Nilijua kama mtu anavyomjua ndugu yake kwenye umati. Ilinibidi nishikilie usukani ingawa gari lilikuwa limesimama.

Wale wa mtaani kwetu walikuwepo. Fundi matairi, kinyozi, na yule mwenye duka la betri ambaye ndiye mwanzilishi wa kicheko. Huyo alikuja wa kwanza. Nilidhani ana mzaha mwingine mfukoni. Alivua kofia, akaniomba nimfungulie mlango aingize mkono ndani asikie nyundo. Akasikia. Akaita wenzake, wakapanga mstari, kila mmoja anaingiza mkono na kutoa macho. Kisha wakaniuliza: mhandisi alikuwa mtu wa namna gani, alikupa kwa nini, alisema nini siku ile. Wakavuta makreti wakakaa. Nikawasimulia tangu siku ya kwanza alipokuja kwangu na lori lililokwaruzwa, nikaendelea mpaka sauti ikanikauka, wakaniletea maji nikaendelea. Hakuna aliyecheka, Dada. Hata mahali pa kuchekesha walinitazama kwanza waone kama mimi ninacheka.

Binti yako, maana sasa hivi ni wako zaidi kuliko wangu, alisimama kando ya bampa na ovaroli safi akijibu maswali ya rangi. Wawili wamemwomba awatengenezee magari yao ya zamani. Mmoja wao ni mwanakamati.

Jumamosi nakuja kukuchukua. Nimempigia Nesi naye amekubali kuja, usitafute kisingizio. Uliwahi kunisimulia kwamba enzi zako wakubwa walikaa nyuma na mkalimani mbele kwa dereva, amegeuza shingo safari nzima. Jumamosi utakaa nyuma. Nimekisafisha kiti mwenyewe. Nitapita na wewe barabara kuu, kisha sokoni, kisha mbele ya ofisi zenu za zamani, na nitaendesha polepole. Watu watatusimamisha, wameshaanza. Mtu akiuliza hili ni gari gani, mimi nitanyamaza. Jibu wewe, na usijibu kwa sauti ndogo.

Kaka yako